Mtihani wa Wauguzi na Lugha ya Mgonjwa

Katika nchi iliyoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, limesalia jambo moja la ajabu: muuguzi atakayewahudumia wagonjwa kwa Kiswahili siku zote za kazi yake hutahiniwa kwa Kiingereza kabla ya kuruhusiwa kuwagusa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelikabidhi Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kazi ya kuwasajili wauguzi na kuwapa leseni, na mtihani ndio mlango wa leseni hiyo. Kwamba mlango uwepo, hapana mwenye akili atakayekataa, maana uhai wa watu si kitu cha kuchezewa. Linalopasa kuulizwa ni kama mlango huo unapima maarifa ya uuguzi, au unapima Kiingereza na kukiita uuguzi.

Na litazamwe jambo moja tu, kifafa cha mimba. Mwanafunzi hana budi kujua kwamba shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi, likianza baada ya wiki 20 za mimba pamoja na protini katika mkojo, ni onyo kubwa. Hana budi kujua kwamba mgonjwa akishikwa na kifafa hicho hupewa magnesiamu salfeti. Kwamba kabla ya kurudia dawa hiyo hutazamwa kama pumzi hazikupungua 16 kwa dakika, kama mguu hurushwa goti ligongwapo, na kama mkojo haukupungua mililita 30 kwa saa. Tena kwamba dawa ikimzidi mgonjwa hata pumzi zikazimia, huokolewa kwa gramu 1 ya kalisiamu glukoneti iingizwayo polepole katika mshipa. Hayo yote yamesemwa hapa kwa Kiswahili, wala ukweli wake haukupungua hata kidogo. Wasemao kwamba lugha hii haiwezi kubeba elimu ya tiba na waonyeshe ni neno lipi lililoanguka njiani.

Sasa na afikiriwe mama mjamzito atokaye kijiji cha mbali katika nyanda za juu za Ufipa, akaletwa hospitali mjini Sumbawanga. Atasema kwamba kichwa chamgonga, macho yaona kiwi, na chembe cha moyo chamwuma. Amekwisha kutaja dalili tatu za hatari, tena kwa usahihi. Lakini muuguzi aliyekariri jina la Kiingereza la maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo, asijue kwamba chembe cha moyo ni mahali pale pale, aweza kuanza kutafuta maradhi ya moyo, au kumpa mama dawa ya kiungulia na kumrudisha nyumbani. Mama amefaulu mtihani wake. Aliyeshindwa ni mwenye leseni.

Kadhalika neno degedege. Mzazi alitamkapo, hataji mtukutiko wa viungo peke yake. Nyuma ya neno hilo yako mambo ya mashetani na ndege wa usiku, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye malaria kali hucheleweshwa kwa mganga. Muuguzi asiyejua uzito wa neno hilo hawezi kubishana nalo.

Wako wapingao wakisema kwamba huko Ufipa hata Kiswahili ni mgeni, kwa kuwa bibi mzee husema Kifipa. Hoja hii ni ya kweli, lakini haiwasaidii. Muuguzi aliyezaliwa Tanga au Mwanza, akipelekwa Sumbawanga, hukutana na bibi huyo kwa Kiswahili, au kwa mjukuu afasiriye Kifipa kwa Kiswahili. Mto tayari una upana wake. Kwa nini aongezewe mto wa pili?

Wengine husema kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Istilahi zipo, zimekosa mtihani wa kuzitumia, na neno lisilotumiwa hufa kabatini.

Wengine tena huogopa kwamba wauguzi watakatwa na dunia. Na waitazame Japani. Wauguzi wa Indonesia na Ufilipino walioanza kwenda huko mwaka 2008 na 2009 kwa mikataba ya serikali walikuwa wamekwisha kufuzu kwao. Hata hivyo walitakiwa kufanya mtihani wa taifa kwa Kijapani, kwa kuwa wagonjwa ni Wajapani. Japani haikukatwa na dunia. Sisemi hapa ni mtu mmoja; ndiyo sauti ya akili ya kawaida: leseni hufuata kitanda cha mgonjwa.

Tena kielelezo kiko karibu zaidi. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari huko Malta, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu wa pande hizo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 wagonjwa ndio waliomtahini, wala hawakumtahini kwa lugha ya Malta. Hospitali moja ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake hata leo.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ili mshitakiwa aielewe hukumu yake. Je, mwenye kuumwa ana haki ndogo kuliko mwenye kushitakiwa? Basi mtihani wa leseni na uandikwe kwa lugha mbili, mtahiniwa achague. Majina ya dawa yabaki kama yaandikwavyo katika chupa. Na kila mtahiniwa, hata achaguaye Kiingereza, apimwe kwa Kiswahili jinsi ya kumsikiliza mgonjwa na kumweleza.

Husimuliwa kwamba jina la Sumbawanga lilikuwa agizo kwa mgeni: tupa uchawi wako. Elimu inenwayo kwa maneno asiyoyafahamu mwenye mwili yafanana mno na uchawi. Agizo hilo lawahusu watunga mitihani pia.