JIJI LIMEPANDA JUU, WATOTO WACHEZE WAPI?

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nairobi yetu imesifiwa mno. Wageni wakija huonyeshwa maghorofa, na ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Nami najivunia, sikatai. Lakini wenzangu, tembo limeanza kutiwa maji, na sisi wanywaji tumenyamaza tu.

Nitaanzia mtaani kwetu. Nilipokuwa darasa la nne, nyuma ya ploti yetu palikuwa na uwanja wa vumbi. Asubuhi akina mama walianika nguo ukingoni, jioni ulikuwa wetu: wasichana kati, wavulana bano na mpira wa makaratasi. Likizo moja tukakuta umezungushiwa mabati. Baada ya mabati likaja tingatinga, na baada ya tingatinga, ghorofa la orofa nane. Tulipouliza, mzee mmoja alitujibu, "Kwani uwanja ni wa mama yenu?" Siku hiyo tulicheka. Siku hizi sicheki, maana mdogo wangu wa miaka saba huchezea kwenye ngazi, na keateka akimwona humfukuza kwa ufagio. Akitoka nje, barabara ni ya matatu na bodaboda. Sasa aende wapi, jamani? Hubaki ndani akibonyeza simu ya mama, kisha wakubwa wanalalamika eti watoto wa leo hawajui kucheza!

Najua wapo watakaonipinga. Watasema: watu wameongezeka, walale wapi? Hilo ni kweli tupu. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899. Katika hesabu ya watu ya 1969 ilikuwa na wakazi wapatao 509,000. Ile ya 2019 ilipata zaidi ya milioni 4. Watu hao wote hawawezi kulala kwenye nyasi. Hata sisi wenyewe tunaishi orofa ya tano, na tunashukuru. Ghorofa si adui. Ninachouliza ni hiki: mbona anayejenga hukumbuka maduka ya chini na maegesho ya magari, lakini humsahau mtoto?

Babu yangu aliishi Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake zilikuwa ndogo, za chini, lakini waliopanga mtaa waliacha nyasi katikati na jumba la kukutania. Babu husema ukifanya utundu pale uwanjani, ulichapwa na mama yeyote aliyekuona, na ukifika nyumbani unachapwa tena! Fimbo siitamani, la. Ninachotamani ni kule kujuana. Leo sijui jina la jirani wa mlango wa pili. Basi kama mkoloni, ambaye hakutupenda, aliwaachia watoto wetu mahali pa kukimbia, sisi tunaojipenda tutashindwaje?

Tusiseme hatuna nguvu. Mwaka wa 1989 serikali ilipanga kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliandika barua kupinga. Alikejeliwa hata bungeni, lakini hakurudi nyuma, na jumba lile halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa na kujeruhiwa akiutetea msitu wa Karura. Leo msitu upo, na watu wa Nairobi hutembea humo na familia zao. Angalieni, wanachama wenzangu: vita vya bustani ile vilianza kwa kalamu na karatasi. Na hizo sisi tunazo!

Basi pendekezo langu ni hili. Likizo ijayo, kila mwanachama azunguke mtaa wake na kuorodhesha viwanja vilivyobaki: kiko wapi, kinatumiwa na nani, wazee wanasema kilitengewa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukirudi shuleni tuandike barua kwa wawakilishi wa wadi zetu, kwa Kiswahili sanifu, na walimu watusahihishe kabla haijatumwa. Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Hatujafikisha umri wa kupiga kura, ndiyo, lakini uraia hauanzi siku ya kura.

Pale kwetu tumeshachelewa. Orofa nane hazibomolewi kwa insha. Lakini kuna kiwanja kimoja karibu na kituo cha matatu, na wiki iliyopita nimeona rundo la mabati mapya limewekwa kando yake. Daftari langu litaanzia hapo. Lako je, litaanzia wapi?