Greda lingoje masika yapite



Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe dukuduku langu juu ya njia zetu za milimani. Nitaanza na safari niliyoifanya kwa baiskeli mwezi wa Machi, kutoka Lushoto hadi hapa Kwamkoro katika Usambara ya Mashariki, maana bila ya safari hiyo hata mimi nisingalilifikiria jambo hili sawasawa.

Nilikwenda Lushoto kwa basi kumpa pole dada yangu aliyefiwa na mumewe. Siku ya kuagana akanikabidhi baiskeli ya marehemu, aina ya Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini zamani. Utingo akataka nauli ya baiskeli iwe karibu sawa na nauli ya mtu. Nikamwambia hapana, nitaipanda mwenyewe. Watu wa stendi walicheka sana kumwona mzee mwenye mvi akifunga furushi kwenye keria kwa mpira, huku mawingu ya masika yamekwisha tanda.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilometa 33 za lami, na nyingi ni mteremko. Asiyejua atadhani huo ndio urahisi wenyewe. Breki zilianza kunuka mpira kabla sijafika Soni. Hapo karibu na maporomoko nilishuka, nikazimwagia rimu maji, na kona zilizofuata nilizipita kwa miguu. Mombo mpaka Korogwe, Korogwe mpaka Segera, Segera mpaka Muheza ni barabara kuu, na juu ya hiyo sina jipya. Mwenye baiskeli anajua kwamba akisikia honi nyuma yake nafasi yake ni majanini. Niliingia majanini mara nyingi, nikalala njiani siku mbili, nikafika Muheza salama.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kutoka Muheza unakwenda hadi Sigi, penye nyumba ya stesheni iliyoachwa na Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapo ili kuteremsha magogo. Reli hiyo haipo tena, na sasa mizigo mingi ya mlimani hushuka kwa vichwa, kwa pikipiki na kwa baiskeli. Kuanzia Sigi njia inapanda ndani ya msitu hadi Amani, na hapo hakuna cha kupanda baiskeli, ni kusukuma tu. Mvua ilinyesha tangu mwanzo. Huku kwetu hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na siku hiyo niliona kama zote zinanishukia mimi.

Hata hivyo nilifika Amani bila kuanguka, na sababu yake ni hii. Pembeni mwa kila njia ya udongo huku milimani pana ukanda mwembamba, upana wake kama mkeka wa mtoto, ulioshindiliwa na nyayo na magurudumu kwa miaka mingi mpaka umekuwa mgumu kama saruji. Haumo katika ramani ya mhandisi yeyote. Mvua ikinyesha katikati panakuwa uji, lakini pembeni pale panabaki. Hapo ndipo wanapopita watoto wa shule, kina mama wenye matenga kichwani, na vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi na magunia ya iliki.

Nilipoiacha Amani kuelekea Kwamkoro, ukanda ule sikuuona. Greda lilikuwa limepita siku nne kabla. Kwa kweli barabara ilipendeza, pana, nyekundu, kama imepigwa pasi. Lakini udongo uliochongwa haukushindiliwa hata kidogo. Mwingine ulikuwa umesukumiwa pembeni ukaujaza mfereji, na maji kwa kukosa mfereji yakawa yanapita katikati ya njia. Tope lilijibana kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Nikawa natembea hatua kumi, nasimama, nachokoa kwa kijiti, natembea tena. Mwisho niliibeba baiskeli begani. Kilometa hizo chache zilinichosha kuliko mlima wote wa kutoka Sigi.

Njiani nilimkuta kijana ameketi, mkono umevimba, na mikungu minne ya ndizi imepondeka. Alikuwa anateremka kumwahi mnunuzi wake. Ndizi iliyopondeka haina bei, na hata ile nzima mnunuzi akiona tope hushusha bei, kisha husema si kosa lake, ni la barabara. Basi mkulima anailipia barabara hiyo mara mbili.

Sisemi greda lisije. Nasema lina wakati wake. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha Juni 30, na masika yetu ni Machi hadi Mei. Kazi zinazokimbizwa miezi ya mwisho huangukia kwenye mvua moja kwa moja. Kabla ya masika kinachotakiwa ni majembe na makoleo ya kuzibua mifereji na makalvati, kazi ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kulipwa kuifanya. Greda na mashine ya kushindilia vije mvua ikikatika, udongo ungali na unyevu wa kushikana. Na dereva aambiwe auache ukanda wa pembeni kama ulivyo.

Jambo hili si letu sisi wa mlimani peke yetu. Maji ya milima hii huingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa mji wa Tanga. Tope nililolichokoa kwenye tairi ndilo linaloteremka kwao.

Najua wapo watakaosema kwamba baiskeli imepitwa na wakati, siku hizi ni bodaboda. Siku hiyo nilipopita Amani niliziona pikipiki mbili zimeegeshwa chini ya banda, wenyewe wanakunywa chai wakingoja tope likauke. Na hao nao, njia ikiwa mbaya, hupita pembeni pale pale penye njia ya baiskeli. Habari za lami ya Muheza hadi Amani tunazisikia na tunazifurahia, lakini kwetu ni mbele ya hapo, na ni udongo mtupu.

Dada amenipigia simu kuuliza kama baiskeli ya mumewe imefika. Nimemwambia imefika, ila madigadi nimeyang'oa. Greda bado limeegeshwa huku juu, linangoja jua mbili tatu ili lianze tena kuchonga. Nawaomba wahusika waje waione njia hii kwa miguu kabla dereva hajaliwasha.

Mkulima wa Iliki,
Kwamkoro, Muheza.