Kampuni likiondoka, mchimbaji anabaki na nini?

Mwezi wa Desemba 2024, Serikali ya Kongo ilipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya kampuni ya Apple, kwa sababu ya madini yanayoporwa mashariki mwa nchi yetu. Apple ilikana. Ilisema tena kwamba imekwisha kuwaagiza wanaoiuzia vifaa waache kutumia bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda.

Ndugu wengi walifurahi: kumbe hata kampuni kubwa linaweza kusikia! Lakini tuulize tena. Likiondoka, mchimbaji anabaki na nini?

Tuliwahi kuona jambo hilo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayoitwa Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 hakikukataza kununua madini yetu. Kiliyaagiza makampuni yachunguze na kutangaza kama madini wanayotumia yanatoka Kongo au kwa majirani zake, na kama yanalisha vikundi vyenye silaha. Wanunuzi wengi waliona ni rahisi kununua kwingine kuliko kuchunguza. Mwezi wa Septemba mwaka uleule, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Jamaa zilizolipa pesa za masomo na za hospitali kwa jasho la shimoni zilikosa. Wenye silaha hawakukosa njia: dhahabu ni rahisi kuficha mfukoni.

Baadaye zikaja etiketi zinazofungwa kwenye mifuko ya koltani na kasiteriti. Ni hatua njema, lakini etiketi haina macho. Tangu 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani ya huko zilikipatia kikundi hicho karibu dola 800.000 kila mwezi, na kwamba koltani hiyo ilivushwa Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Rwanda inakana.

Basi, ni nini kinachogeuza moyo wa kampuni? Kwa kawaida ni mambo matatu: sheria, pesa za wenye hisa, na hofu ya kupoteza jina jema. Makanisa yamewahi kutumia hayo yote.

Hapa kwetu, mwaka 1908, mmisionari Mpresbiteri William Sheppard, Mmarekani mweusi, aliandika katika gazeti dogo la misheni juu ya mateso ya Wakuba katika biashara ya mpira. Compagnie du Kasai ilimshtaki. Mwaka 1909, mahakama ya Léopoldville haikumpata na hatia. Nguvu yake ilikuwa ushuhuda wa mtu aliyeona.

Mwaka 1971, Kanisa la Episkopali la Marekani, likiwa na hisa katika General Motors, liliomba kampuni hilo liondoke Afrika Kusini ya ubaguzi. General Motors ilitangaza kuondoka mwaka 1986. Miaka 15! Lakini tuangalie vizuri: kule, viongozi weusi kama Askofu Desmond Tutu wenyewe waliomba dunia iibane nchi yao. Hapa kwetu, mchimbaji hajaomba mnunuzi akimbie. Anaomba bei ya haki, shimo lisilomfukia, na barabara isiyo na kizuizi cha mwenye bunduki.

Kwa hiyo ombi letu kwa makampuni lisiwe «ondokeni». Liwe «bakieni, chunguzeni, lipeni haki, na mtengeneze mlichoharibu». Kuondoka kunasafisha jina la kampuni tu; mto uliochafuliwa na mjane aliyeachwa vinabaki pale pale.

Parokia zetu zinaweza kufanya nini? Kwanza, kusikiliza: wachimbaji, wanawake wanaobeba na kusafisha mawe, na wakulima waliopoteza mashamba. Pili, kupeleka sauti hizo kwa makanisa ndugu ya Ulaya na Marekani. Mengi yana mifuko ya pensheni yenye hisa, na mwenye hisa ana haki ya kuuliza swali katika mkutano wa kampuni. Tutafanya hivyo kwa hekima: jina la shahidi lisiandikwe wala kutumwa kwa simu, maana wanaokaa karibu na mashimo wanaweza kulipa kwa damu. Tatu, kujichunguza wenyewe. Mwenye shimo anapoleta sadaka kubwa ya kujenga kanisa, tunauliza anavyowalipa vijana wake? Tusipomwuliza yeye aliye karibu, nani atatusikia mbali?

Zakayo alikuwa tajiri kwa hasara ya wengine. Alipokutana na Yesu, hakuhama Yeriko ili kusafisha jina lake. Alibaki, akaahidi kurudisha mara nne. Toba ya namna hiyo ndiyo tunayoomba kwa makampuni, na kwetu sisi wenyewe.