Vituo vya kuuguzia wazee vipimwe kwa lugha pia

Mtu anayetafuta kituo cha kumuuguzia mzazi aliyepatwa na kiharusi aghalabu hutumia macho kuliko masikio. Huangalia kama sakafu inang'aa, huhesabu vitanda, huuliza ada, hunusa vyoo. Wakaguzi nao hawatofautiani naye sana. Hayo yote ni muhimu na hakuna mwenye akili timamu atakayeyabeza. Ninachodai ni kwamba kuna kipimo kingine ambacho, kikisahauliwa, hivyo vingine vyaweza kutupa jibu la uongo. Kipimo hicho ni lugha anayosemeshwa mgonjwa, na lugha anayopimwa kwayo.

Elimu ya kutathmini ubora wa huduma za afya si ngeni. Mnamo 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, alipendekeza ubora utazamwe katika mambo matatu: vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, yanayotendwa, na matokeo kwa mgonjwa. Huko Marekani sheria ya mwaka 1987 ilifafanua haki za wakazi wa nyumba za uuguzi, na tangu Desemba 2008 serikali huzipa nyumba hizo nyota, moja hadi tano, kwa kuzingatia ukaguzi, wingi wa wauguzi na hali ya wakazi. Kwa miaka kadhaa habari za wauguzi zilitokana na maelezo ya wenye nyumba wenyewe, na mwamba ngoma huivutia kwake. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo orodha za mishahara zilipoanza kutumiwa kukokotolea nyota hizo.

Tuseme basi tumeyahesabu majengo na wauguzi kwa haki. Matokeo je? Chombo kimojawapo kilichoenea sana duniani ni mtihani mfupi wa akili uliotungwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, wenye alama 30. Mgonjwa huulizwa majira ya mwaka, huambiwa ataje herufi za neno la Kiingereza lenye herufi tano kuanzia nyuma, tena arudie kifungu ambamo viunganishi vitatu vimetiwa alama ya wingi. Mwanafunzi wa isimu atakitambua kikwazo mara moja. Viunganishi vya Kiswahili havina wingi, hatusemi "malakini". Ukikitafsiri kifungu hicho neno kwa neno utapata kioja kitakachomkwaza hata mhadhiri mwenye afya njema. Nayo majira: mzee wa Lamu atataja kaskazi na kusi, ilhali mwenye karatasi anangojea majira manne ya Ulaya. Ama bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, kutaja herufi kinyumenyume kunapima nini ila kukosa kwake shule? Akipata alama 17, faili itaandikwa kwamba akili imedhoofika, na huenda asipewe mazoezi ambayo yangalimfaa. Simlaumu Folstein. Aliwatungia watu wake. Wa kulaumiwa ni anayeuchukua mtihani huo ulivyo na kumpa mtu wa Kitui au Kilifi.

Jambo hili huwa zito zaidi kwa mwenye afasia, yaani upotevu wa lugha unaosababishwa na jeraha la ubongo. Mkenya wa kawaida ana lugha mbili au tatu, na lugha hizo hazirejei lazima kwa pamoja. Mfaransa Albert Pitres alishaandika mwaka 1895 kwamba mara nyingi hutangulia kurudi ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Baadaye Michel Paradis wa Montreal alionyesha kuwa zipo njia kadhaa: pengine lugha zote hurudi sambamba, pengine moja hurudi baada ya nyingine, pengine moja ikipanda nyingine hushuka. Basi kituo kinachompima mgonjwa kwa Kiingereza peke yake kinaweza kuandika kwamba hakupata nafuu, kumbe yuazungumza na dada yake kila Jumapili kwa Kikamba.

Tuje kwenye usemi wa kila siku wodini. Nimewahi kumzuru mwalimu mstaafu katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mtu huyu aliitwa Mwalimu na kijiji kizima, hata na wazee waliomzidi umri. Pale alikuwa "kitanda cha sita", na siku wauguzi walipochangamka akawa "katoto ketu". Alipokataa uji, iliandikwa kwamba hatoi ushirikiano. Wauguzi hao hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wachache na wamechoka. Hata hivyo, utafiti wa Kristine Williams na wenzake wa Kansas, uliochapishwa mwaka 2009, uliwachunguza wazee wenye maradhi ya kusahau na kuona kwamba waliposemeshwa kama watoto wachanga walielekea zaidi kukataa huduma kuliko waliposemeshwa kama watu wazima. Kwa hivyo, adabu ya lugha ni sehemu ya tiba yenyewe, na yafaa ikaguliwe jinsi dawa zinavyokaguliwa.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno kwa umati huo, na hapa idara za lugha vyuoni haziwezi kujitoa lawamani. Tunawafunza wanafunzi upatanisho wa ngeli hadi wanaukariri usingizini, lakini ni wangapi tumewaelekeza watunge sentensi za kumpima mgonjwa aliyepoteza upatanisho huo? Kazi hiyo yafaa kwa tasnifu ya uzamili, iwe ni ya Kiswahili, Kimeru au Kijaluo.

Wakati tukingoja, mkaguzi aongeze maswali mawili katika fomu yake: mgonjwa huyu anajua lugha gani, na nani hapa anaweza kuzungumza naye kwazo? Kisha aketi wodini wakati wa chakula cha mchana, kalamu ikiwa mfukoni, asikilize.