Kijiweni uchambuzi, uani umbea

Maneno ya kutaja mazungumzo mepesi hayajawahi kuwa haba katika Kiswahili. Kuna soga, porojo, gumzo, domo, stori, umbea na udaku. Mtu hubwabwaja, hupayuka, huropoka. Dar es Salaam akizidi huambiwa anachonga sana, na vijana wa Nairobi wao wanabonga tu. Kwenye kamusi maneno haya hukaa kama majirani wanaoazimana chumvi, moja likisaidia kueleza jingine. Mtaani hayaazimani chochote.

Twende Temeke, Dar es Salaam, saa kumi jioni. Kijiweni wanaume saba wamekalia benchi la mbao mbele ya muuza kahawa. Birika limekaa juu ya mkaa, vikombe vidogo vinazunguka, kashata ziko kwenye sinia. Mada ni mshambuliaji wa klabu ya Yanga: nani anamtaka, mkataba wake unakwisha lini, na eti mkewe amegoma kuhama nchi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzungumza naye, wala na wakala wake. Nyumba ya tatu kutoka hapo, uani, wanawake wanasukana nywele na kumzungumzia jirani aliyehama usiku na kuacha deni la kikoba. Nao wanakisia, ila angalau huyo wanayemsema wanamjua, na fedha iliyopotea ni yao. Mpita njia akiulizwa, atasema kijiweni kuna gumzo. Siku hizi, kwa kuwa redio zimejaa vipindi vya michezo, atasema kuna uchambuzi. Na uani? Umbea.

Hapo ndipo visawe vinapoacha kuwa visawe. Soga haina kosa. Watu hupiga soga kusubiri wali uive. Gumzo lina hadhi yake, likikua huwa gumzo la mji na kupewa ukurasa wa mbele. Porojo ni hukumu, lakini inahukumu maneno yenyewe: hayana kitu ndani. Umbea unamshika mtu. Aliyepiga soga jana leo ni mtu kama watu, ila aliyefanya umbea ni mmbea, na jina hilo humfuata hadi msibani. Lugha imemwongezea na majina mengine, chakubimbi na kizabizabina, yaani mchukuzi wa maneno wa nyumba hadi nyumba. Kisarufi hakuna kati ya hayo lenye jinsia. Lakini mwanamume akishikwa na kosa hilo, wenzake humwambia ana mambo ya kike, kana kwamba ameazima tabia isiyo yake.

Imani kwamba wanawake wanaongea kupita kiasi imewahi kupimwa. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Matthias Mehl na wenzake, waliowavalisha wanafunzi 396 wa vyuo vikuu, wa Marekani na Mexico, vinasa sauti vilivyojiwasha mara kwa mara mchana kutwa. Wanawake kwa wanaume, wote walikaribia maneno 16,000 kwa siku. Utafiti mpana zaidi wa mwaka 2025 uliongeza jambo moja: kati ya umri wa miaka 25 na 64, wanawake walizidi kwa takriban maneno 3,000. Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea hizo ni kama dakika 20, na huo ndio umri wa kulea watoto. Mwenye mtoto wa miaka mitatu anajua ni mara ngapi kwa siku hutamka neno “acha”.

Zipo pia sehemu zenyewe za kuzungumzia. Baraza ni benchi la mawe lililojengwa nje ya nyumba ya Mswahili, wanaume wakaketi hapo kunywa kahawa na kucheza bao. Jina lilelile sasa ni la Baraza la Mawaziri. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaozungumza siasa huhesabiwa kuwa watu wenye kujua mambo. Bustani ya Jeevanjee, Nairobi, wananchi waliozoea kubishana chini ya miti walijiita Bunge la Mwananchi, na jina likakubalika. Uani kumezungumzwa mambo mazito vilevile, kuanzia nani anaoa nani hadi nani amekula fedha za mchezo, lakini hakuna chombo cha dola kilichopewa jina la uani.

Atatokea wa kusema kwamba umbea unavunja nyumba. Unavunja kweli. Ila wanawake wa uswahilini waliliona hilo zamani, wakaliwekea mahakama. Aliyezushiwa jambo hukusanya mashoga zake, wakavaa kanga sare, wakakodi ngoma au matarumbeta na kuandamana hadi mlangoni kwa mzushi. Huko huyo mwenye maneno hutakiwa aseme mbele ya mtaa mzima alichokisema, na alikisikia kwa nani. Huko ndiko kusutwa. Kuna ukatili ndani yake, maana aliyesutwa kwa matarumbeta wengine huhama mtaa. Hata hivyo ni adabu ya maneno yenye utaratibu: shutuma, shahidi, mshtakiwa kupewa nafasi ya kujibu. Taarabu ya miaka ya 1990 ililipandisha jukwaani jambo hilohilo kwa mipasho, Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis kundi la Muungano, na kumbi zilijaa wake kwa waume.

Wanaume wa ofisini wanapofanya kazi hiyo hiyo ya umbea, wanapika majungu. Angalau neno hilo nalo lina ukali, ingawa mpika majungu huogopwa kuliko kuchekwa, na wengine hupandishwa cheo. Wanasiasa wana njia nyepesi zaidi. Mwananchi akihoji barabara iliyokwama, jibu ni kwamba hizo ni porojo za mitandaoni, na hoja imezikwa bila kujibiwa.

Vyumba vya habari havina sababu ya kuendeleza mgawanyo huu. Mhariri anayeandika “gumzo” kwa tetesi za waziri na “umbea” kwa tetesi za mwimbaji wa kike ameshatoa hukumu kabla ya habari kuanza. Neno tetesi linatosha kwa wote wawili. Linamwambia msomaji kwamba jambo halijathibitishwa, na linamwacha msemaji bila muhuri usoni. Watakaolalamika kwamba ni neno baridi wafanye jaribio dirisha lijalo la usajili. Mchezaji aliyetangazwa kijiweni kuwa ameshasaini Simba akionekana na jezi nyingine, wayakodi matarumbeta, waende nayo hadi kwenye benchi la kahawa na kuuliza nani alianza kusema.