Ghali Kuliko Nini?

Ukitaja tiba ya uraibu hapa Garissa, jibu ni lile lile: wacha hizo, rehabu ni ya matajiri, ni ghali. Sawa. Ghali kuliko nini?

Chukua kijana anayetafuna miraa ya shilingi 300 kwa siku. Sijaweka soda, sigara, wala Big G ya kuua uchungu mdomoni. Mwaka ukiisha ametafuna shilingi 109,500. Binamu yangu ametafuna miaka tisa, na mingi kati ya hiyo hakuwa na kazi. Pesa zilitoka kwa mbuzi wa mamake, wakaisha, kisha zikatoka kwa kibanda cha nguo cha dadake. Hakuna aliyeita hiyo gharama, kwa sababu hakuna aliyewaandikia risiti.

Risiti ilikuja baadaye, ya miezi mitatu katika kituo kimoja Nairobi, na hapo ndipo ukoo mzima ulishika kichwa. Tukachanga. Akarudi amenona, analala usiku kama watu. Basi likamshusha stejini, na mafrish iko hatua hamsini kutoka hapo, marafiki wale wale, thermos ile ile ya chai. Hakukuwa na mshauri hata mmoja wa kumpigia simu huku. Wiki ya tatu alikuwa amerudi kwa majani. Sasa ukoo una ushahidi: mnaona, rehabu haifanyi kazi!

Hapana. Tulinunua nusu ya tiba. Mraibu wa heroini ana methadoni, ambayo serikali ilianza kuitoa Mathari mwaka 2014. Miraa haina dawa ya namna hiyo. Tiba yake ni usingizi, chakula, daktari wa kuangalia huzuni na ndoto mbaya za siku za kwanza, kisha mtu wa kuongea naye mwezi baada ya mwezi, kwa lugha yake, karibu na kwao. Kinachohitajika hapo ni watu, si mashine. Na watu hao hawawezi kukaa kilomita 370 kutoka kwa mgonjwa.

Tunapokosa hiyo, tunalipia kitu kingine. Kuna familia zinazopeleka vijana kwenye vituo vya dhaqan celis, eti kuwarudisha kwenye mila. Waandishi wa habari wameshaeleza yaliyokutwa katika baadhi ya vituo hivyo, Kenya na Somalia: minyororo, viboko, milango ya kufuli. Na hiyo pia inalipiwa, mara nyingine kwa dola kutoka ughaibuni. Kumbe doo ipo.

Mzee mmoja aliniambia, “Adeer, miraa si dawa ya kulevya, ni starehe.” Tusibishane kuhusu jina. Mtu aliyeuza mbuzi wa mamake hana starehe.

Simlaumu mkulima wa Meru, ana watoto wa kusomesha. Mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, serikali yetu ilimlilia. Mwaka 2016 miraa ikaingia kwenye sheria ya mazao, na Rais Uhuru Kenyatta akaahidi wakulima shilingi bilioni 1. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipojaribu kuzuia muguka, Rais Ruto alisema marufuku hiyo haina nguvu, zao linatambuliwa na sheria. Sawa, linatambuliwa. Na anayelitafuna je, yeye anatambuliwa na nani?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti afya na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hivyo swali langu halihitaji safari ya Nairobi. Wakati wa bajeti, muulize MCA wako: kila gari la miraa linaloingia mjini likitozwa ada, kiasi gani kitalipa mshauri anayeongea Kisomali, na chumba chenye vitanda vichache? Mwambie aandike tarakimu. Akisema ni ghali, mwonyeshe zile 109,500, halafu azidishe mara vijana waliokaa mafrish moja tu jioni hiyo.