Tukague Kwanza, Ndipo Tuchomeke

Magari ya umeme yamekwisha kuingia nchini. Bajaji za umeme zapita katika mitaa ya Dar es Salaam bila moshi, na motokaa nazo zimeanza kuonekana. Jambo hili twalipokea kwa furaha. Petroli twainunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, lakini umeme twaweza kuupata katika mito yetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, lilijengwa ili litoe megawati 2,115.

Hata hivyo, furaha isitupofushe. Mfanyakazi aliyepata gari la namna hii hujiuliza swali moja: je, soketi iliyopo nyumbani yatosha kulichaji? Jibu letu ni hili: yatosha, ikiwa imekaguliwa. Isipokaguliwa, ni hatari kwake na kwa jirani zake.

Na tupige hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Waya wa kuchajia unaochomekwa katika soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa desturi huvuta ampea 10 tu, yaani kiasi cha kilowati 2.3. Kwa saa kumi za usiku hutumia uniti 23. Zikiondolewa zile zinazopotea njiani, betri hupata kama uniti 20. Gari dogo huenda kilomita zipatazo sita kwa uniti moja. Kwa hiyo usiku mmoja watosha safari ya kilomita 120. Mtu anayekwenda kazini na kurudi kilomita 40 hahitaji hata saa nne za kuchaji. Asidanganywe basi kwamba bila mtambo mkubwa wa bei ghali gari lake halitasogea.

Hatari iko wapi? Iko katika muda. Birika la umeme huvuta umeme mwingi pia, lakini kwa dakika tano, kisha soketi hupumzika. Gari huvuta usiku kucha, watu wamelala. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, ambayo kwa birika haikuonekana kuwa kitu, huanza kupata moto. Na joto hilo haliongezeki polepole: umeme ukitoka ampea 10 kufika 13, joto penye kiungo kibovu huwa karibu mara 1.7. Plastiki hubadilika rangi, kisha hunuka, kisha huwaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa aliyepuuza skrubu aweza kujenga nyumba nzima upya.

Basi kabla ya kuchomeka, hapana budi kumwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Afungue soketi akaze nyaya. Atazame kama waya wa ardhi upo kweli na wafika ardhini, kwa maana katika nyumba nyingi tundu la tatu la soketi ni pambo tu. Atazame pia kama ipo swichi ya kukata umeme unaovuja. Bora kupita yote, avute waya mmoja kutoka penye meni swichi, wenye swichi yake peke yake, kwa kazi ya gari tu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari lenyewe.

Yako mambo matatu ambayo twayakataza bila kuuma maneno. La kwanza, kuchaji gari kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani na kufunikwa kwa mkeka. La pili, kukata plagi ya gari lililotoka Japani kwa sababu haiingii katika soketi zetu, kisha kuunga nyaya kwa tepu. La tatu, kuchaji betri za bajaji zenye tindikali ndani ya chumba cha kulala. Betri hizo zikichajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka, nazo zataka mahali penye upepo.

Liko na jambo la haki. Wafanyakazi wengi ni wapangaji, vyumba sita mita moja ya LUKU. Mwenye gari la kwenda kilomita 40 kila siku ya kazi atatumia karibu uniti 200 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75, na kila uniti iliyozidi ikawa shilingi 350. Maana yake gari la mtu mmoja laweza kuipotezea nyumba nzima nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge. Si haki mama mwenye taa moja na redio amlipie mwenye gari safari zake. Mwenye gari na afunge mita ndogo ya pembeni, alipe alichotumia, na wenzake wakubali mbele yake kabla hajaanza.

Twawaomba wenye nyumba wasiwafukuze wapangaji wa namna hii, bali wakubaliane nao juu ya waya ulio salama. Twawaomba mafundi wasiseme "iko sawa" kabla hawajafungua soketi. Na wewe, ndugu msomaji, ukisha kuchaji kwa nusu saa, gusa plagi kwa mkono. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiunguza, zima swichi usiku huo huo, wala usingoje kesho. Ukuta uliokutenga na jirani ni mwembamba, na moto haubishi hodi.